Karatasi Mbili za Namba Kumi na Tisa

Kwa wiki mbili kazi yangu ilikuwa kulalamika, na sijawahi kupewa kazi niliyoiweza kama ile. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshaketi kwenye kiti cha plastiki, ghorofa ya pili ya Ofisi ya Kazi, mikono kifuani, uso nimeukunja, nikiwa mpishi wa shule aliyehamishiwa zamu ya alfajiri kwa kosa la kusema kwamba bomba la gesi linavuja. Saa tano nililalamika tena mbele ya mtu mwingine. Saa nane tena. Jioni nilirudi nyumbani koo limekauka na hasira zote zimeniisha, na mdogo wangu akasema heri mpango huo uendelee mwaka mzima.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi ilikuwa inaanzisha orodha ya umma ya wasuluhishi, yaani watu wanaokaa katikati ya mfanyakazi na mwajiri kabla mambo hayajafika mahakamani. Zamani msuluhishi alikuwa yeyote aliyejuana na mkubwa fulani. Sasa ikasemwa lazima pawe na vigezo vya haki, vilivyoandikwa, ambavyo hata mfagizi anaweza kuvisoma ukutani. Aliyetaka kuingia orodhani alipewa namba badala ya jina, akafungiwa saa nzima na waigizaji wawili, mfanyakazi na bosi, aonekane kama anaweza kuwapatanisha. Mfanyakazi nilikuwa mimi. Bosi alikuwa mzee mmoja mstaafu, zamani mtunza stoo wa shule ya bweni, ambaye nilimwita Meneja kwa jinsi alivyoivaa ile nafasi. Alikuja na kalamu tatu mfukoni na hakuwahi kumwazima mtu hata moja.

Masharti yalibandikwa mlangoni. Mtahiniwa huanza na sisi wote mezani, kisha humchukua mmoja mmoja kwenye chumba cha faragha, anakwenda huku na kurudi kule, mwishoni turudi mezani tuone kama tumeelewana. Kila mwigizaji ana kadi ya siri ambayo mwenzake hajaiona. Saa ikiisha, kila mmoja anatoa alama zake kati ya ishirini, halafu anaandika ukurasa mmoja wa kumbukumbu: nini kilisemwa faraghani, neno kwa neno kadiri anavyoweza. Karatasi zinaingia kwenye bahasha, bahasha zinaingia kabatini, ufunguo anao Msajili. Waigizaji hawaruhusiwi kumjadili mtahiniwa yeyote mpaka wote ishirini na mbili waishe. Na sharti la mwisho, lililopigiwa mstari: anayemfahamu mtahiniwa ainue mkono kabla saa haijaanza.

Nilimshuku Msajili tangu siku ya kwanza. Alikuwa binti mdogo, mpole, anayesema "tafadhali" hata kwa mashine ya kutoa nakala, na mimi mtu mpole aliyeshika ufunguo machale hunicheza. Nilimshuku na Meneja, kwa sababu alikuwa anaandika kumbukumbu ndefu kuliko zangu. Mdogo wangu aliniita Mama Machale tangu sijapata mvi. Alisema hata maji ya bomba nayauliza yanatoka wapi. Mimi nilimjibu kwamba kushuku kulinichelewea. Kungewahi miaka saba mapema, nisingekuwa nimesaini.

Miaka saba kabla ya hapo nilikuwa mfuaji kwenye dobi kubwa la hospitali. Tulifua mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa kwa mashine zenye ukubwa wa chumba. Nilifukuzwa kwa kugombana na msimamizi juu ya mapumziko, nikapeleka malalamiko, tukaitiwa msuluhishi. Sikutaka kitu kingine chochote ila kurudi kwenye mashine yangu. Msuluhishi alikuwa mwanamume mrefu, sauti ya chini, kucha safi kama za daktari. Alinichukua pembeni, akafunga mlango, akaniambia: "Msimamizi wako anasema usiposaini leo, kesho anapeleka polisi suala la mashuka arobaini yaliyopotea. Anasema jina la kwanza litakuwa lako."

Sikuwahi kuiba hata foronya. Lakini neno polisi lilinikata maini, nikasaini kwamba naacha kazi kwa hiari yangu. Nikatoka na barua ya sifa njema ambayo hadi leo hakuna aliyeomba kuisoma.

Miezi michache baadaye nilikutana na yule msimamizi kwenye foleni ya zahanati. Akanisalimia kwa heshima, nami kwa uchungu nikamuuliza kwa nini alitaka kunipeleka polisi. Akashika kifua. "Mimi? Nitaje polisi? Haki ya Mungu, mama, sijawahi kutamka hilo neno. Hayo aliyapika msuluhishi wenu, wale ndiyo kazi yao." Tangu siku hiyo nikaelewa. Kati ya mlango mmoja na mwingine palikuwa na hatua kumi na mbili, na katika zile hatua kumi na mbili yule bwana alikuwa ametunga uongo akaniletea umeiva. Msuluhishi hubeba maneno ya watu kutoka chumba hadi chumba, na hakuna anayemfuata nyuma kusikiliza. Msimamizi nikamsamehe. Tukawa tunasalimiana vizuri kila tukikutana. Chuki yote nikaihamishia kwa yule mrefu.

Ndiyo maana nilipoombwa kuwa mwigizaji nilikubali kabla sijamaliza kuambiwa. Walitaka watu waliowahi kukaa kwenye kile kiti kweli. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo Ofisi sikuwaambia. Mdogo wangu yuko dobi lilelile, chini ya msimamizi yuleyule. Kifua chake kibovu, na wamemhamishia chumba cha dawa za kung'arishia, anarudi nyumbani anapiga mluzi kila akivuta pumzi. Amelalamika. Faili lake lilikuwa linasubiri orodha ifunguliwe, na mafaili yangegawiwa kwa zamu, hakuna kuchagua. Yeyote aliyeingia orodhani angeweza kuwa wake.

Kwa hiyo nilikaa pale kama mlinzi wa geti. Watahiniwa wengi walikuwa watu wa kawaida, wengine wakitetemeka, mmoja akihutubia kama yuko msibani. Wa sita ndiye aliyenikosha. Alikuwa muuguzi mstaafu, saa yake imening'inia kifuani kichwa chini, mama wa watu mwenye mikono ya joto. Faraghani alinishika bega, akasema: "Mwenzako amelainika, mwanangu. Anasikitika kweli. Amesema alikosea, ila anaona aibu kulisema mezani. Wewe mrahisishie tu." Nikamrahisishia. Tulipatana kwa dakika thelathini na tano, Meneja akinipa mkono na uso umemlegea, nami karibu nilie machozi ya mpishi asiyekuwepo. Nilimpa ishirini juu ya ishirini. Jioni nikamwambia mdogo wangu, "Omba uangukie kwa huyo mama."

Siku ya nane, baada ya chakula cha mchana, mlango ukafunguliwa akaingia Namba Kumi na Tisa.

Mrefu. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini kucha zilezile. Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Msajili alikuwa ameshika saa, hajabonyeza bado. Palikuwa na nafasi ya kuinua mkono, tena nafasi ya kutosha.

Nikawaza haraka. Nikiinua mkono, nitatolewa, ataletwa mwigizaji mwingine, atasuluhisha kwa ile sauti yake ya chini, ataingia orodhani. Nisipoinua, alama zangu ndizo zitakazomzuia. Mkono ukabaki mapajani.

Yeye akaniangalia. Akakunja uso. "Samahani, mama," akasema, "tumewahi kukutana?"

"Sidhani," nikamjibu. "Mimi ni mpishi wa shule."

Akaendelea kunitazama kidogo, kisha akamtazama Msajili. Msajili akabonyeza saa.

Nitasema haki, japo wakati ule sikutaka kuiona. Hakutabasamu ovyo. Alieleza masharti yake kwa maneno machache, akatusikiliza bila kutingisha kichwa. Faraghani aliniuliza nataka nini, akanisomea alichoandika, akaniuliza, "Katika haya, kuna ambalo hutaki nilipeleke kwa mwenzako?" Nikajua huo ni mtego. Nikasema peleka yote. Akaenda kwa Meneja, akakaa huko dakika nane nikizihesabu, akarudi, akafunga mlango taratibu kama alivyoufunga miaka saba iliyopita.

"Mwenzako anasema ana barua tatu za onyo za zamani zenye jina lako," akasema. "Anasema usipokubali zamu ya alfajiri, ataziweka mezani. Ameniruhusu nikwambie. Unataka kuniuliza nini?"

Ndiyo huyo! Karibu niruke kitini. Mambo yaleyale, kitisho kilekile, kimebadilishwa nguo tu. Kwenye kadi yangu hapakuwa na barua hata moja ya onyo. Mpishi wangu alikuwa msafi. Kwa hiyo ameyapika tena, nikajiambia, tena kwenye mtihani, mchana kweupe.

"Sina swali," nikasema. "Na sikubali kitu."

Hatukupatana. Saa ilipolia nilimpa tatu, na hizo tatu ni za usafi. Kisha nikaandika kumbukumbu zangu kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote, kila neno lake la barua za onyo, bila kuruka koma. Nilitaka siku moja yamkute. Kuhusu lile swali lake la kama tumewahi kukutana, sikuona haja ya kupoteza wino.

Nilipokuwa nateremka ngazi, nikamwona Kumi na Tisa amesimama na Msajili kwenye kona ya mashine ya nakala. Akampa karatasi iliyokunjwa. Msajili akaisoma, akaitia kwenye jalada lake. Machale yakanicheza kichwa kizima. Kumbe ndivyo! Namba badala ya majina, bahasha, makufuli, kumbe watu wanaandikiana vikaratasi kwenye kona. Nilifika nyumbani nimevimba.

Mdogo wangu alikuwa jikoni anamenya viazi, mluzi wa kifua unasikika kabla hujafika mlangoni. Nikamweleza yote, nikisimama na kuketi.

"Ndiye yule wako?" akauliza.

"Ndiye. Na amerudia mchezo uleule."

"Uliinua mkono?"

"Mkono gani?"

"Dada, usinifanye mtoto. Si ulinisomea masharti mwenyewe. Anayemfahamu ainue mkono."

"Ningeinua angepita!"

Akaendelea kumenya. "Basi wewe ndiye uliyecheza rafu," akasema, na hakulisema kwa utani.

Nikamwambia hajui anachokisema, kwamba ni yeye ninayempigania, kwamba siku akifungiwa na yule bwana chumbani atanikumbuka. Akasema atanikumbuka tu, wala nisijali. Hatukuongea tena mpaka chakula kilipoiva, na chakula chenyewe kilikuwa hakina chumvi, sijui ni kwa makusudi.

Mtahiniwa wa mwisho alimaliza kesho yake saa tisa. Tulibaki watatu kwenye chumba kikubwa: Msajili, Meneja na mimi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri. Nikasema nina jambo juu ya vigezo.

"Karibu, mama," akasema Msajili.

"Fomu yetu ya alama ina kila kitu. Kama amefika kwa wakati, kama amesikiliza, kama hakupendelea, kama watu wamepatana. Lakini imeandikwa pia kwamba msuluhishi awe mkweli, na hapo tunaweka alama kwa kukisia tu. Mimi nitajuaje kama ni mkweli? Anachoniambia kuhusu mwenzangu, nimekisikia kwake yeye peke yake. Mwenzangu hali kadhalika."

Meneja akaweka kalamu chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anafanya hivyo.

"Kazini kweli hakuna namna," nikaendelea. "Watu wawili waliogombana hawakai pamoja baadaye wakalinganisha waliyoambiwa. Lakini hapa tuna karatasi. Kila mtahiniwa ana karatasi mbili humo kabatini, yangu na ya mzee. Zitoeni. Ziwekwe ubavu kwa ubavu. Tuone nani amebeba maneno na nani ameyatunga."

Nilitegemea Msajili atatafuta kisingizio. Badala yake aliinuka akiwa ameshatoa ufunguo mfukoni. "Kamati imekaa vikao vitatu ikitafuta namna ya kupima hilo," akasema. "Na karatasi tunazo humu ndani. Jamani!" Akacheka peke yake, akafungua kabati.

Tulianza na Namba Moja. Msajili alisoma kwa sauti, yangu kwanza, halafu ya Meneja. Tofauti ndogondogo, mtu kutia chumvi kidogo, mtu kusahau. Namba Mbili, Tatu, hivyohivyo. Namba Nne alikuwa amechanganya siku. Nilisikiliza kwa sikio moja, la pili nikiwa nimelitanguliza kwa Kumi na Tisa.

Tukafika Namba Sita. Msajili akasoma yangu: mwenzako amelainika, anasikitika, amesema alikosea. Kisha akachukua ya Meneja.

"'Nilimwambia mtahiniwa kwamba sibadilishi zamu na sina cha kuomba radhi,'" akasoma. "'Aliporudi akanieleza kwamba mpishi anakiri alipayuka mbele ya wanafunzi, kwamba ana watoto wanne na hataki ugomvi tena. Nilimwonea huruma, nikakubali.'"

Msajili akazilaza karatasi zote mbili mezani.

"Dada, ulikiri?" Meneja akaniuliza.

"Sikukiri kitu! Na watoto wanne nimewatoa wapi?"

"Na mimi sikusikitika hata kidogo," akasema Meneja. Alionekana ameumia kweli. "Nilimpa kumi na tisa huyo mama."

Mimi nilimpa ishirini. Nilikumbuka ule mkono wa joto begani, nikajipangusa bega. Alituuzia kila mmoja wetu huruma ya mwenzake, na wote wawili tulinunua. Bomba la gesi lingeendelea kuvuja, mpishi akiwa amefurahi.

Nikajipa moyo. Sawa, nimemkosea huyo. Lakini kama karatasi zimemkamata hata yule mama, Kumi na Tisa ataponea wapi?

Tukaenda moja moja mpaka tukamfikia. Msajili akasoma yangu, barua tatu za onyo, ataziweka mezani, ameniruhusu nikwambie. Nilikuwa nimeshaegemea mbele. Akachukua ya Meneja, iliyojaa mwandiko mpaka pembezoni.

"'Kadi yangu ilinipa ruhusa ya kutumia barua tatu za onyo endapo nitabanwa. Mtahiniwa alinibana. Nikamwambia ninazo, na nitaziweka mezani mpishi akikataa. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika nataka hilo lipelekwe. Akaniuliza kama nimewahi kumwonyesha mpishi hizo barua. Nikasema hapana. Akasema basi atapeleka kama nilivyosema, wala hataongeza.'"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba Meneja anionyeshe kadi yake, akaitoa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa vizuri, na barua tatu za onyo zilikuwa pale mstari wa nne, zimechapwa.

Maneno yaliingia mlango mmoja yakatokea mlango wa pili yakiwa yaleyale.

"Kuna kipande kimoja tu ambacho karatasi hizi mbili hazilingani," akasema Msajili. Sauti yake ilikuwa bado ya upole. "Kiko mwanzoni kwa mzee. 'Kabla saa haijaanza, mtahiniwa alimuuliza mwenzangu kama wamewahi kukutana. Mwenzangu akasema, sidhani.' Kwenye karatasi yako, mama, hilo halimo."

Meneja aliangalia kalamu zake.

Msajili akafungua jalada, akatoa ile karatasi iliyokunjwa, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa mistari mitatu. *Nadhani namfahamu mwigizaji wa kike. Niliwahi kumsuluhisha miaka ya nyuma, shauri la dobi. Nilimuuliza akakana, huenda nimekosea, ila naomba iandikwe ili alama zake zisinionee wala zisinipendelee.*

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe," akasema Msajili.

Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu, na sikuona aibu kama niliyoiona pale. Nikasema ndiyo, namfahamu. Nikasema na lile la mdogo wangu, faili lake na kila kitu, kwa sababu nikishaanza huwa siwezi kusimama katikati. Msajili aliandika yote. Alinieleza bila kupandisha sauti kwamba alama zangu kwa Namba Kumi na Tisa zimefutwa, kwamba atapimwa upya mbele ya mwigizaji mwingine, na kwamba mimi kazi yangu ya uigizaji imeishia hapo. Kigezo cha karatasi mbili, akasema, kitaingia kwenye masharti na kitabaki.

"Kitaandikwa kimetoka kwa nani?" akauliza Meneja.

"Vigezo havina majina," akasema Msajili.

Meneja alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Hakunilaumu wala hakunipa pole. Aliniuliza tu kama nina kalamu ya kusainia fomu ya kuondoka, nikasema sina, akaniazima moja.

Orodha ilibandikwa ukutani baada ya majuma matatu, majina kumi na manne. Muuguzi hakuwemo. Kumi na Tisa alikuwemo, sasa kwa jina lake kamili. Siku nne baadaye mdogo wangu akarudi na barua ya Ofisi. Akaniwekea mezani juu ya nguo nilizokuwa nazikunja, akabaki amesimama na koti lake. Faili lake lilikuwa limemwangukia Kumi na Tisa.

"Ninaweza kumkataa mara moja," akasema. "Imeandikwa hapo chini. Niambie."

Wiki tatu zile nilikuwa nimelala na kuamka na jambo moja, nikilizunguka bila kuligusa. Nikamwambia, "Usimkatae."

"Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Atakuambia maneno utakayoyachukia. Lakini yatakuwa yamesemwa."

Akavuta kiti, akaketi. Alivuta pumzi, mluzi ukapanda na kushuka. Nikamwona anapiga hesabu ileile niliyokuwa nimeikwepa.

"Subiri," akasema. "Kama yule mrefu wako habuni maneno, basi siku ile ya kwako aliyetaja polisi ni nani?"

"Bosi wako."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Nilimuuliza akaapa, nikamwamini. Nikamwamini kwa sababu alinisalimia vizuri." Nikaikunjua nguo niliyokwisha kuikunja. "Miaka saba namuuliza habari za watoto wake."

Hakunicheka, na nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Aliigeuza ile barua, akasoma tena jina la atakayekaa upande wa pili wa meza, ingawa alilijua. Kisha akaenda kwenye droo, akarudi na daftari.

"Haya," akasema. "Nieleze bosi alivyokutisha siku ile, neno kwa neno. Na alianzaje, na ulimjibu nini. Nataka nijue anavyofanya kabla sijaingia."

Nikaanza kumweleza, na nilipofika mahali nilipozoea kujitetea, nikampa ukweli kwamba sikuuliza swali hata moja, niliogopa nikasaini. Akaliandika na hilo.